Koti la Kengele

Ripoti ya Tume ilitoka Jumanne, na kufika saa nne asubuhi mji mzima ulikuwa umekwisha kuisoma, wakiwemo wasioijua hata rangi ya jalada lake. Kinyozi aliijadili na wateja watatu na kila mmoja alitoka na matokeo yake. Muuza magazeti aliapa kwamba ni uongo mtupu tangu ukurasa wa kwanza, kisha akaendelea kuiuza. Tulikuwa tumengoja miaka tisa kuambiwa nani alimuua Kengele. Mtu akishangoja hivyo, subira ya kusoma kurasa mia mbili anaitoa wapi?

Ila yupo mmoja aliyeisoma kweli, neno kwa neno, kidole juu ya mstari. Huyo alikuwa mwanamke mshona nguo. Watu walimwita Fundi Mdogo, ingawa alikuwa amepita miaka arobaini na alikuwa na sauti ya kusimamisha lori, kwa sababu Fundi Mkubwa alikuwa baba yake, na Fundi Mkubwa alikuwa hai bado, ameketi kwenye kiti chake nyuma ya duka, kazi yake siku hizi ni kupanga vifungo na kukosoa.

Alikuwa na sababu ya kuisoma. Ukurasa wa tisini na mbili, aya ya mia moja na kumi na nane, Tume ilisema kwamba bawabu wa jumba la halmashauri alidanganya kuhusu mahali aliposimama, na ikapendekeza ashtakiwe kwa kumfungulia muuaji mlango. Bawabu huyo alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja. Mwenye pingamizi alipewa siku ishirini na moja. Zikipita, ripoti ingekwenda serikalini kama ilivyo, na polisi wangekuja kumchukua mzee wa miaka sabini na moja ambaye kufunga kamba za viatu tu kwake ni safari.

Kwa asiyejua: Kengele alikuwa mbunge wetu. Jina hilo alilipata kwa sababu akisimama kusema, halali mtu. Alipigwa risasi mchana kweupe, saa saba, kwenye ngazi za jumba la halmashauri, mbele ya watu mia tatu. Katika hao mia tatu hakuna aliyeona kitu. Wangepigana kuku wawili pale, ungepata mashahidi mia tatu na maelezo mia nne.

Jumba lenyewe lina ngazi katikati na milango miwili midogo pembeni, inayofanana kama mapacha. Mmoja uko upande wa soko, mwingine upande wa posta. Risasi ilitoka kwenye mlango wa soko. Hilo daktari alilisema, waliokuwa karibu walilisema, hata wale wanaopinga kila kitu hawakulipinga. Na mlango ule ulikuwa unafungwa kwa ufunguo. Mjomba alisema tangu siku ya kwanza: mimi nilikuwa mlango wa posta toka asubuhi, sikutoka hata kwenda haja, na ufunguo wa pili wa mlango wa soko ulikuwa ofisini kwa katibu wa halmashauri. Akafukuzwa kazi hivyo hivyo. Miaka tisa watu walikuwa wanapunguza sauti akipita.

Picha ilikuwepo moja tu. Mpiga picha wa gazeti aliipiga dakika ileile: Kengele amesimama juu ya ngazi, mkono juu, kipara kinang'aa, na nyuma yake upande mmoja bawabu mwenye kofia, mikono kifuani, mdomo wazi kidogo kama anayetaka kupiga chafya. Filamu yenyewe ilipotea stoo ya polisi, pamoja na koti la marehemu. Walisema ni panya. Panya wa stoo ile, jamani, walikuwa na elimu.

Kwenye gazeti, picha ilimwonyesha Mjomba upande wa posta. Mambo yangeishia hapo. Lakini Tume ilikuwa na mtaalamu wa picha, bwana mmoja mpole mwenye miwani miwili, ya kuvaa na ya kuning'iniza shingoni, na mtaalamu aligundua jambo. Katika picha ile, mfuko wa kifuani wa koti la Kengele uko upande wa kulia. Vifungo navyo vimefungwa kikekike. Na koti la mwanamume, popote uendako, mfuko wake wa kifuani uko kushoto. Isitoshe, Tume ilikuwa na picha nyingine kumi na saba za Kengele ndani ya koti hilohilo, lenye mistari yake myembamba mitatumitatu, na zote kumi na saba mfuko uko kushoto. Basi, alisema mtaalamu, gazeti liliichapa picha nje ndani, kulia ikawa kushoto, kosa ambalo hutokea matbaani. Ukiiweka inavyopaswa, mfuko unarudi kushoto kwake, na bawabu anahama kutoka posta hadi soko.

Wakazichapa mbili bega kwa bega kwenye ripoti. Chini ya moja waliandika "Ilivyochapwa", chini ya nyingine "Inavyopaswa kuwa". Ukweli usemwe, hoja ilikuwa safi. Fundi Mdogo aliposoma mara ya kwanza aliitafutia pa kuishika akapakosa.

"Baba, umeisoma?" aliuliza.

"Sina haja," Fundi Mkubwa alijibu, macho kwenye boksi la vifungo. "Mimi nilijua siku ileile."

"Ulijua nini? Ulimuuliza Mjomba?"

"Sina la kumuuliza yule."

Ndivyo alivyokuwa. Kengele alikuwa mteja wake miaka ishirini. Alimpima akiwa mwembamba, akampima akiwa na kitambi, akampima kitambi kilipoisha. Alimpenda, hilo tuliliona sote, na alipouawa alifunga duka wiki mbili. Mtaa uliposema ni bawabu aliyefungua mlango, Fundi Mkubwa alilibeba neno hilo lilivyo, akamtenga shemeji yake hapohapo. Hata siku ya kumzika mkewe, miaka minne iliyopita, walisimama pande mbili za kaburi, mmoja akiangalia udongo, mwingine akiangalia miti.

Alasiri ya Jumatano Fundi Mdogo aliibeba ripoti kwapani akaenda kwa mjomba wake. Alimkuta kibarazani, amezungukwa na vitasa vibovu. Siku hizi anatengeneza vitasa vya watu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umeniletea kitabu changu?"

Aliusoma mwenyewe ukurasa wa tisini na mbili, polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza alicheka, kicheko kikavu kisicho na raha.

"Unaona maajabu? Miaka tisa nasema nilikuwa posta. Wamepata picha inayosema nilikuwa posta. Wameigeuza!" Akamrudishia ripoti. "Polisi walikuja jana. Kwa adabu, lazima niseme. Wameniambia nisisafiri. Nikawauliza, niende wapi na magoti haya?"

"Tutapeleka pingamizi, mjomba."

"Pelekeni. Utaandika nini? Kwamba mimi si mwongo? Hilo nimewaandikia mara sita." Alichukua kitasa kimoja, akakitikisa sikioni, akakiweka chini. "Baba yako anasemaje?"

Fundi Mdogo akakiokota kile kitasa, akakigeuzageuza.

"Hasemi. Unajua, mama, watu wengi walinitukana. Wengine walinitemea mate. Baba yako hakunitukana hata siku moja. Hakuniuliza tu. Angekuja hapa akaniuliza, shemeji ulisimama upande gani, ningemjibu, asingeamini, basi. Lakini hakuniuliza."

Njiani kurudi, Fundi Mdogo alikuwa na hasira za kumtosha yeye na mtaa mzima. Lakini yule mwanamke ana ugonjwa mmoja, na alizaliwa nao: jambo lisipokaa sawa hawezi kuliacha. Akiona mtu amevaa suruali ambayo mguu mmoja umezidi mwingine kwa nusu inchi, atamfuata mpaka kituoni. Na katika ripoti ile kuna kitu kilikuwa hakijakaa sawa, ila hakukijua ni kipi.

Akaisoma tena, wateja wakingoja. Akaisoma akipiga pasi, nusura aunguze gauni la bibi harusi. Siku ya nne akakwama aya ya sitini na tatu, aya fupi ambayo hakuna aliyeijadili, hata kinyozi. Ilisema kwamba mjane wa marehemu aliieleza Tume kuwa siku ile mumewe alivaa koti jipya, alilokuja nalo nyumbani jana yake jioni. Tume ilitambua majonzi ya mjane, lakini iliona kumbukumbu zake zimechanganyika, kwa kuwa koti lililo pichani ni lilelile la siku zote: kitambaa ni kile, mistari ni ile.

"Hebu ngoja," Fundi Mdogo alisema peke yake.

Mwanamke amelipiga pasi koti miaka saba. Analijua kwapa lake, analijua tundu la sigara lililo mfukoni. Leo aambiwe halijui? Majonzi yanaweza kumsahaulisha mtu jina lake mwenyewe, sawa. Lakini koti alilopiga pasi miaka saba, hapana. Hilo halikubaliki.

Akachukua kioo cha kukuzia, kile anachotumia kuhesabu nyuzi, akaweka picha ya ukurasa wa arobaini, iliyopigwa mwezi uleule, kando ya picha ya ngazini. Katika ile ya ukurasa wa arobaini, viwiko vya koti vinang'aa kama mgongo wa kijiko, na ukosi umechakaa mpaka unaonyesha mifupa. Katika ile ya ngazini mistari ni ileile, kipimo ni kilekile, mabega ni yaleyale ya mkono wa baba yake, lakini viwiko having'ai hata kidogo. Ukosi umesimama. Kitambaa ni cheusi tii.

Akaketi. Koti haliponi lenyewe. Njia ya kulirudishia ujana ni moja, na alifundishwa njia hiyo akiwa na miaka kumi na minne, akailaani kila siku.

Kugeuza koti, kwa ambaye hajawahi kuvaa umaskini wa heshima, ni hivi. Unafumua mshono wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka koti linakuwa vipande mezani. Unafua, unapiga pasi. Kisha unashona upya, lakini uso ule ulioliwa na jua na viwiko unauingiza ndani kwenye bitana, na uso wa ndani, ambao haujawahi kuona mchana, unautoa nje. Koti linarudi kuwa jipya. Ni kazi ya wiki nzima, na vitambaa vya siku hizi havistahili, havina upande wa pili. Lakini kuna jambo moja huwezi kulizuia. Chukua glavu ya mkono wa kushoto, igeuze nje ndani, halafu uone itaingia mkono gani. Kipande cha kushoto kinakuwa cha kulia. Na mfuko wa kifuani umekatwa kwenye kitambaa chenyewe, hauhamishiki. Unaenda nacho.

Aliinuka akaenda nyuma ya duka, ripoti mkononi.

"Baba. Ulimgeuzia Kengele koti?"

Mkono wa Fundi Mkubwa ulisimama ndani ya boksi la vifungo.

"Nani kakwambia?"

"Viwiko."

Mzee alimtazama binti yake, na ingawa hakutaka, fahari ilimjaa usoni. Miaka tisa kazi yake bora kuliko zote ilikuwa haijatazamwa na jicho linalojua.

"Mkewe alikuwa amelichoka lile koti," alisema. "Alimwambia, bwana, unatuaibisha, nunua jingine. Naye akaahidi. Lakini alilipenda, ndilo alilovaa siku aliyoshinda mara ya kwanza. Akaja hapa, wewe ulikuwa bado kwa mumeo, akanishika mkono. Fundi, ligeuze, nitasema nimeliagiza. Na hata mke wangu asijue. Nikampa ahadi. Alilichukua jana yake jioni, na kesho yake..." Akafunika boksi. "Sijamwambia mtu. Hata mama yako hakujua, na tulilala kitanda kimoja."

"Baba, mfuko ulikwenda upande gani?"

Binti yake akamwekea ripoti magotini, kwenye ukurasa ambao alikuwa amekataa kuusoma, na safari hii akausoma. Alisoma hoja ya mtaalamu. Alisoma kuhusu picha kumi na saba. Akaweka kidole juu ya mfuko katika picha iliyochapwa na gazeti, kisha akakisogeza mpaka kwa yule mtu mwenye kofia aliyesimama nyuma, upande uleule.

"Kulia," alisema. "Kulia kwake ni posta."

Aliona haya, na haya zenyewe zilikuwa zinamuuma mwilini, unaziona. Huyu mtu alimtenga ndugu wa mkewe kwa maneno ya mtaani, kumbe ushahidi aliushona kwa mkono wake mwenyewe, kwa sindano yake mwenyewe.

"Utakuja Tumeni," Fundi Mdogo alisema. Hakuuliza.

"Koti halipo. Watasema mzee anaropoka kumwokoa shemeji yake."

"Si kuna daftari lako la vipimo?"

"Kazi ya siri sikuiandika." Alikuna kidevu. "Kipo kitu kimoja. Kama picha yao kubwa ni nzuri, kitaonekana. Lakini ni aibu."

"Aibu gani?"

"Utaisikia hukohuko. Niache."

Siku ya kumi na tisa walikwenda. Tume ilikuwa inakaa kwenye ukumbi wa chuo cha ualimu, chini ya mapangaboi mawili, moja linalozunguka na moja linalotafakari. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mama mtu mzima mwenye kikohozi, aliyechoka na sisi sote. Mjane wa Kengele aliketi safu ya mbele kama alivyoketi kila siku. Mjomba alikuwa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, mazoea ya kazi. Ukumbi ulijaa. Kinyozi alikuwa amefunga duka.

Fundi Mkubwa alikula kiapo, akaeleza. Alieleza kugeuza koti kinagaubaga, mpaka Mwenyekiti akaomba afupishe. Alipofika pale Kengele alipomshika mkono na kusema hata mke wangu asijue, alisimama, akageuka kumtazama mjane.

"Nisamehe, mama. Nilimwahidi."

Mjane alikuwa amejishika mdomo. Tulidhani analia. Kumbe anacheka, mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka.

"Aliniambia ameliagiza!" alisema, ukumbi mzima ukisikia. "Akajizungusha mbele ya kioo! Nikamwambia, unaona sasa unavyopendeza? Mwongo mkubwa yule!" Kisha akamnyooshea kidole Mwenyekiti. "Na mimi niliwaambia lilikuwa jipya. Mkaandika nimechanganyikiwa."

Mwenyekiti alikohoa. Mwanasheria wa Tume akainuka, kijana si kijana, mzee si mzee, suti yake imembana kwapani kiasi kwamba Fundi Mdogo alikuwa anateseka kumtazama.

"Mzee, huyu bawabu ni nani kwako?"

"Ni shemeji yangu."

"Na koti liko wapi?"

"Waulize panya wenu."

Watu wakacheka. Mwanasheria akangoja.

"Kwa hiyo hatuna koti, hatuna daftari, hatuna mtu mwingine aliyeliona. Tuna neno lako tu, siku mbili kabla ya muda kwisha. Na ripoti umeshaisoma, picha umeshaiona. Kwa nini tukuamini?"

Fundi Mkubwa alishika ukingo wa meza. Fundi Mdogo, aliyekaa nyuma yake, aliona shingo na masikio yake vikibadilika rangi.

"Picha iliyo kwenye kitabu ni ndogo," alisema. "Nyinyi mnayo kubwa?"

Mtaalamu wa picha aliitikia kwa kichwa. Ilikuwepo, kabatini, kubwa kama dirisha, imekuzwa kutoka nakala pekee iliyobaki gazetini. Haikuwa imeonyeshwa hadharani.

"Msiilete kwanza. Nipeni karatasi."

Akapewa. Akachora koti kwa mistari michache, kama anavyochora kitambaani, akatia alama kwenye ukosi, upande wa mfuko.

"Koti la mwanamume lina tundu la kuchomekea ua kwenye ukosi wa kushoto. Likigeuzwa, tundu linaenda kulia. Mfuko sikuweza kuurudisha, lakini tundu la ua nililiziba, nikatoboa jingine kushoto, angalau kitu kimoja kikae mahali pake. Kuziba tundu lisionekane ni kazi. Unafuma uzi kwa uzi. Wapo mafundi wangapi nchi hii wanaoweza? Mimi naweza. Nililiziba mpaka mwenye koti mwenyewe alilitafuta kwa kidole akalikosa." Aliiweka kalamu chini. "Ila sikumaliza vizuri. Uzi wa rangi ile uliniishia. Ilikuwa jioni, yeye yuko mlangoni anangoja. Nikamalizia na uzi mwingine, wa kijivu, nikasema hakuna atakayeona, nitaurekebisha akirudi. Hakurudi. Miaka arobaini na sita nashona, sijawahi kumtoa mteja na kazi ya namna ile. Akafa nayo mwilini."

Aligonga karatasi kwa kidole.

"Basi hapa, mwisho wa alama hii, upande wa bega, kama picha yenu ni nzuri mtaona kistari cheupe, urefu wa ukucha wa kidole kidogo. Kilichobaki hamtakiona. Na ukosi wa pili mtaona tundu. Koti ambalo halijageuzwa haliwezi kuwa na vyote viwili, hata mkilipindua mara mia."

Picha kubwa ikaletwa. Mtaalamu alivua miwani ya kuvaa, akavaa ya shingoni, akainama. Pangaboi lile zima lilisikika. Akachukua karatasi ya mzee, akaipeleka kwenye picha, akairudisha, akaipeleka tena.

"Kistari kipo," alisema taratibu. Alikuwa mtu mwaminifu, tumpe haki yake. "Nilikiona tangu mwanzo. Nilidhani ni mkwaruzo wa filamu."

"Na tundu?" aliuliza Mwenyekiti.

"Tundu lipo. Ukosi wa pili." Akanyooka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetamani kujua zaidi. "Mzee, unaweza kunifundisha hiyo kazi siku moja?"

Fundi Mdogo aligeuka kumtafuta mjomba wake. Kiti cha nyuma karibu na mlango kilikuwa kitupu. Alikuwa ameondoka, na hakuna aliyemwona akitoka.

Aya ya mia moja na kumi na nane iliondolewa. Waliweka nyingine mahali pake, ya mstari mmoja: haijulikani nani alifungua mlango wa upande wa soko. Mji ukagawanyika vizuri kabisa. Wapo waliosema mafundi wale wawili wamenunuliwa. Wapo waliosema Tume ilijua tangu mwanzo. Kinyozi anasema kistari kile ni mkwaruzo mpaka leo, na ukimbishia anakunyoa vibaya. Kuhusu ufunguo wa pili, ule wa ofisini kwa katibu, ripoti haikusema neno, na katibu yule siku hizi ni mtu mkubwa. Fundi Mdogo ameikata ile picha akaibandika juu ya cherehani. Wateja wanadhani anamtazama Kengele. Anautazama mlango ule mwingine, wa soko, uliomezwa na kivuli, na kioo cha kukuzia kiko karibu.

Mjomba alikuja dukani Jumamosi, saa tano asubuhi, baada ya miaka tisa. Alivaa koti lake la bawabu, lililopauka, na alikuwa amejifunga kamba za viatu mwenyewe. Aliketi kwenye benchi la wateja kama mteja. Fundi Mdogo akasimamisha cherehani. Alitaka kutoka awaachie nafasi, lakini miguu ilikataa, maana alitaka kusikia.

Fundi Mkubwa alitoka nyuma ya duka na boksi la vifungo mkononi. Alipomwona aliyeketi, akaliweka mezani. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Shemeji," alisema. "Siku ile. Ulisimama upande gani?"

Jibu lilikuwa limechapwa. Lilikuwa limetangazwa redioni. Hata watoto wa shule walilijua. Mjomba alimtazama, macho yakamjaa machozi.

"Dada yangu alikufa akingoja uniulize hivyo," alisema.

Fundi Mkubwa alikaa kwenye benchi, kando yake, akalia kwa sauti bila kujificha. Mjomba akamwacha alie mpaka amalize. Kisha akamjibu alivyoulizwa.

"Upande wa posta, shemeji. Toka asubuhi."